Kwa nini mwanafunzi wa chuo huanzia kwa kemisti

Duka ninalouzia dawa liko hatua chache kutoka lango la chuo kikuu, hapa Pwani. Wateja wangu wengi ni wanafunzi, na huja na jibu tayari: "Nipe Amoksili ya 50." Ukimuuliza anaumwa wapi, kwanza hugeuka kuona nani amesimama nyuma yake.

Wazee husema ni ukaidi wa vijana. Mimi sioni hivyo. Foleni ya zahanati humla asubuhi nzima, naye ana kipindi saa mbili na jaribio saa nne. Kwangu ni dakika 3. Na aliyetumiwa shilingi 2,000 za wiki mbili kutoka Lamu au Kwale hatazigusa kwa homa ambayo huenda ikapoa kwa panadol na tangawizi.

Homa yenyewe hapa kwetu kila mtu ameshaamua ni malaria. Mtu hununua dawa bila kupimwa, siku ya pili akipata nafuu, vilivyobaki humpa mwenzake wa chumba. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Nusu yake haimtibu yeyote kati yao. Tena huenda si malaria. Mombasa ilikumbwa na homa ya dengue mwaka 2017, na mwenye dengue akimeza Brufen au aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Hilo halijulikani bila kipimo.

Lakini linaloniumiza zaidi ni aibu. Mji wetu mdogo. Muuguzi ni rafiki wa mama, karani alisoma madrasa moja na kaka. Msichana akionekana kwenye benchi la uzazi wa mpango, habari hufika nyumbani kabla yake. Basi huja kwangu usiku kununua P2, au humtuma shoga yake. P2 husaidia kuzuia mimba ikimezwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, lakini haizuii Ukimwi wala kisonono. Dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya mtu kujiweka hatarini, nazo zina saa hizo hizo 72, na mimi dukani sina, ziko hospitali. Anayeogopa kuonekana huko ndiye saa zinayemwishia.

Wavulana nao huficha maumivu ya mkojo mpaka kutembea kuwe taabu. Unyonge wa moyo hawautaji kabisa; husema tu usingizi hauji, wakataka dawa ambayo bila cheti cha daktari siitoi. Wengine hurudishwa nyumbani wakasomewe. Sipingi, mimi mwenyewe nimekunywa kombe utotoni, ila kombe na daktari havigombani.

Kuhusu pesa kuna jambo wengi hawajaambiwa. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na wanafunzi hudhani kwamba bila mchango hawana haki hata ya kuonwa. Zahanati na vituo vya afya vya serikali, ngazi ya 2 na ya 3, humtibu aliyejisajili hata kama hajachanga. Mchango hudaiwa kwenye hospitali kubwa. Kujisajili ni kupiga *147# ukiwa na kitambulisho, na aliyefika miaka 18 hahitaji kumsubiri mzazi.