Soma Kopo Kabla ya Kujipaka Krimu ya Makunyanzi

Chukua kioo. Kunja uso kama mtu anayetazama jua la saa saba mchana. Utaona mistari kwenye paji la uso, katikati ya nyusi na pembeni mwa macho. Sasa legeza uso. Kama wewe ni kijana, mistari hiyo hupotea. Kama umri umekwenda, mingine hubaki. Hiyo inayobaki ndiyo makunyanzi.

Chini ya ngozi ya uso kuna misuli midogo. Tukicheka, tukikasirika au tukishangaa, misuli hiyo hujikunja na kuikunja ngozi pamoja nayo. Tazama kiatu cha ngozi pale vidole vinapokunjika. Kikiwa kipya, mkunjo hutoka ukikivua. Kikichakaa, mkunjo hukaa hapo hapo. Ngozi ya mtu ni hai na hujitengeneza upya, lakini miaka inavyopita hupungukiwa na nyuzi zinazoivuta irudi mahali pake. Jua kali huharakisha jambo hili. Moshi wa sigara pia. Mama anayepalilia pamba juani miaka mingi hupata makunyanzi mapema kuliko karani wa ofisini, hata kama wamezaliwa siku moja.

Basi makunyanzi si ugonjwa. Lakini katika mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza jambo hili lina uzito mwingine. Tangu miaka ya 1970, na hata katika karne hii, vikongwe wengi wa huku wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mara nyingi "ushahidi" ulikuwa uso wenye makunyanzi na macho mekundu. Kwa hiyo mama anayetafuta dawa ya kulainisha uso si lazima awe mpenda urembo. Huenda anaogopa.

Macho mekundu yana sababu zake. Bibi amepika miaka 40 au 50 ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni, na kuni zikikosekana, kwa samadi kavu ya ng'ombe. Moshi huwasha macho. Ugonjwa wa trakoma nao huyafanya mekundu, na usipotibiwa hupofusha. Trakoma ina dawa hospitalini. Moshi hauna krimu. Unatakiwa kufungua dirisha, kukausha kuni vizuri, au kujenga jiko lenye bomba la kutolea moshi. Bibi hawezi kujenga jiko hilo peke yake, na wajukuu wana mikono.

Sasa tuje kwenye krimu zenyewe. Mahali penye dhahabu pana fedha, na penye fedha wauza vipodozi hawako mbali. Katika vijiji vinavyouzunguka mgodi wa Bulyanhulu mambo ni hayo hayo. Si krimu zote zilizo sawa.

Ziko za bei kubwa zenye kitu kiitwacho peptidi. Peptidi ni kipande kidogo cha protini, ile protini tuliyojifunza kwamba imo katika maharage, dagaa na maziwa. Peptidi moja inayojulikana sana kwa makunyanzi imeundwa na viungo 6 tu vilivyoungana kama shanga. Wataalamu waliitengeneza ili izuie ujumbe unaotoka kwenye mshipa wa fahamu kwenda kwenye msuli. Msuli usipopata ujumbe, haujikunji. Mwaka 2002 watafiti wa Hispania waliandika kwamba kina cha makunyanzi kilipungua hadi asilimia 30 kwa wanawake waliojipaka peptidi hiyo kwa siku 30. Asilimia 30 haifiki hata theluthi moja. Mkunjo umepungua, haujaondoka.

Tena kuna kizuizi. Ngozi iliumbwa ili kuzuia vitu visiingie mwilini. Huko Marekani watafiti waliipaka peptidi hiyo kwenye vipande vya ngozi ya watu waliokwisha kufariki. Siku ya pili walikuta karibu yote ingali juu juu, wala haijafika kwenye misuli. Peptidi hii haijulikani kuwa sumu kali. Kwa maoni yangu ubaya wake mkubwa uko mfukoni. Fedha ya kopo moja ingenunua kofia pana ya ukili kwa kila mtu wa nyumba, na kofia huzuia jua kweli.

Krimu za kuogopa ni zile za bei rahisi zinazoahidi kuondoa makunyanzi, madoa na weusi kwa mara moja, pamoja na mkorogo unaochanganywa vichochoroni. Baadhi yake zina steroidi. Steroidi ni dawa ya hospitali, lakini ukiipaka usoni muda mrefu bila kuandikiwa na daktari, ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana na chunusi huota. Mtu amenunua dawa ya kukaza ngozi, naye amepata ngozi dhaifu kuliko ya kwanza! Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi.

Nyingine zina zebaki. Ndiyo, zebaki ile ile ya kuchenjulia dhahabu. Huingia mwilini kupitia ngozi na pumzi, huharibu figo, huleta mitetemo, usahaulifu na huzuni isiyo na sababu. Mama mjamzito humpelekea mtoto aliye tumboni. Hata asiyejipaka hudhurika, kwa kuwa sumu hushika kwenye taulo na mito, na watoto hulala hapo.

Hapa ndipo kujua kusoma kunapookoa figo. Geuza kopo usome maandishi madogo. Ukiona neno MERCURY, CALOMEL au HYDROQUINONE, lirudishe. Kopo lisilotaja kabisa vitu vilivyomo, lirudishe pia. Baadhi ya makopo huonya kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, mpira wala aluminiamu. Mchenjuaji yeyote wa Kakola anajua maana ya onyo hilo. Zebaki hung'ang'ania dhahabu, ndiyo sababu hutiwa kwenye karai. Krimu inayokutaka uvue pete ya dhahabu imejitaja yenyewe.

Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku Tanzania. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Kama umekwisha kutumia krimu ya zebaki, acha leo. Nawa mikono na uso kwa sabuni, fua mataulo na foronya. Lifunge kopo ndani ya mfuko wa nailoni usiovuja, ulipeleke kwa Bwana Afya. Usilitupe chooni wala kisimani, na usilichome moto, maana mvuke wa zebaki ni sumu zaidi. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya, uwaonyeshe jina la krimu, useme umeitumia miezi mingapi, na uombe figo zako zipimwe. Aliyetumia krimu ya steroidi kwa muda mrefu naye amwone tabibu kwanza, kwa sababu akiiacha ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka kama uliounguzwa.