Barua ya Sir Clement Hill na Nchi ya Uasin Gishu

Mtu asimamaye Chepsaita, upande wa Turbo, si mbali na mji wa Eldoret, huona mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, na siku za mashindano ya mbio za nyika huona wakimbiaji hodari wakipita. Ni wachache wajuao kwamba nchi hii ya Uasin Gishu ilikaribia kupewa watu wa mbali, kwa ajili ya barua moja iliyoandikwa London. Aliyeitia saini barua hiyo ni Sir Clement Lloyd Hill, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake.

Alizaliwa mwaka 1845 katika ukoo wa Hill wa Hawkstone, jimbo la Shropshire, Uingereza. Ukoo huo ndio uliomtoa Jenerali Rowland Hill, yaani Lord Hill, aliyepigana Waterloo mwaka 1815 chini ya amri ya Wellington. Zamani zile vijana wa koo kubwa walipata kwa urahisi nafasi katika jeshi, kanisa au ofisi za Serikali. Clement Hill aliingia Ofisi ya Mambo ya Nchi za Nje mwaka 1867.

Miaka michache baadaye alifuatana na Sir Bartle Frere, akiwa mwandishi wake, katika ujumbe uliopelekwa Unguja na Maskati kuhusu biashara ya watumwa. Seyyid Barghash alikataa kwanza. Lakini tarehe 5 Juni 1873, Frere alipokwisha kuondoka, alitia saini mkataba mbele ya Dakta John Kirk, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tangu safari ile, kazi ya Hill haikuachana na Afrika. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1887, na tangu mwaka 1900 mpaka 1905 alikuwa msimamizi wa nchi za Afrika zilizo chini ya ofisi yake, Uganda na Afrika ya Mashariki zikiwamo.

Hapa yafaa tueleze jambo moja. Mtumishi wa Serikali si sawa na mwanasiasa. Mwanasiasa huchaguliwa, naye hujibu mbele ya Bunge. Mtumishi hukaa ofisini mawaziri wakija na kwenda, na barua zake huzitia saini kwa amri ya mkubwa wake. Lakini mawaziri wana mambo mengi, na mara nyingi hulitazama jambo kwa macho ya yule aliyekaa nalo muda mrefu. Hivyo mtumishi asiyejulikana na watu huweza kuwa na nguvu nyingi.

Mwaka 1903 Wayahudi wa Urusi walikuwa katika mateso makubwa, na mwezi wa Aprili wengi waliuawa katika mji wa Kishinev. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, alimshauri Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayoni, kwamba huenda pakapatikana mahali katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 14 Agosti 1903, kwa amri ya Waziri wake Lord Lansdowne, Hill aliandika kwamba, kama nchi ifaayo ikipatikana, Serikali itakuwa tayari kufikiri juu ya makao ya Wayahudi yenye utawala wao wenyewe katika mambo ya ndani. Baadaye nchi iliyotajwa ikawa uwanda wa Uasin Gishu. Watu waliuita mpango huo "wa Uganda," ingawa sehemu hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa Uganda mwaka 1902 na kutiwa katika Afrika ya Mashariki.

Katika mkutano wa Wazayoni uliofanyika Basel, watu 295 walikubali kupeleka wachunguzi na 178 walikataa. Masetla wa Kizungu waliokuwapo, Lord Delamere akiwa mbele yao, walipinga kwa kelele. Wenyeji hawakuulizwa. Wasafiri waliuona uwanda kama nchi tupu, kwa kuwa Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya karne ya 19. Lakini Wanandi na Wakeiyo waliijua nchi ile. Na malisho yasiyo na ng'ombe leo si malisho yasiyo na mwenyewe.

Wachunguzi watatu, Meja Gibbons, Alfred Kaiser na Nahum Wilbusch, waliitembelea nchi mwanzoni mwa mwaka 1905. Gibbons aliona yaweza kupokea watu kadhaa. Wenziwe wawili waliona haifai. Mwezi wa Julai mkutano wa Wazayoni uliukataa mpango wote. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Meinertzhagen, na vita vikafuata. Mwaka 1908 Makaburu wakaja na magari yao ya ng'ombe kutoka Nakuru, na mwaka 1912 makao yaliyokuwa yakiitwa Sitini na Nne yakapewa jina la Eldoret. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi ya masetla yalinunuliwa na Waafrika.

Sir Clement alistaafu mwaka 1905. Katika uchaguzi wa mwaka 1906, chama chake cha Conservative kiliposhindwa vibaya sana, yeye alishinda Shrewsbury, akakaa Bungeni mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 1913. Jina lake lilipewa meli ya Ziwa Victoria, Clement Hill, iliyoanza safari zake mwaka 1907.

Meli hiyo ilijulikana bandarini kwa miaka mingi, na barua yake ikasahauliwa. Walakini barua ndiyo yenye fundisho. Karatasi moja, iliyoandikwa kwa adabu na labda kwa nia ya kuwaokoa wanaoteswa, ilifungua mlango wa kutoa nchi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Mwenye kalamu na asiulize ofisini tu. Aulize na shambani.