Tairi la mbele na la nyuma: hesabu ya kona kutoka Formula 1 hadi Lupiro

KOCHA akijaza washambuliaji na kuacha nyuma wazi, timu inafunga lakini inapigwa kaunta. Akijaza mabeki, haifungwi hovyo, ila mbele haina makali. Gari la mashindano liko hivyohivyo, na kikosi chake ni matairi manne.

Hesabu hiyo haiishii kwenye runinga. Lupiro, wilayani Ulanga, ndipo barabara ya kutoka Ifakara inapogawanyika baada ya kuvuka Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 juu ya Mto Kilombero: moja inakwenda Mahenge, nyingine Malinyi. Bodaboda, malori ya mpunga na Subaru za vijana, wote wanapita hapo. Masika ikikolea, tairi ndilo linaloamua nani anafika na nani analala njiani.

Kona inavyoliwa

Matairi ya mbele yakizidiwa kwanza, dereva anakata usukani lakini gari linanyoosha tu, kama winga anayekimbia na mpira hadi nje ya uwanja. Ya nyuma yakizidiwa kwanza, mkia unatoka na gari linataka kugeuka lilikotoka.

Tairi pana huongeza mshiko pale lilipofungwa. Ukipanua ya nyuma peke yake, mkia unatulia lakini pua inakuwa nzito kuingia kona. Ukipanua ya mbele peke yake, pua inaingia upesi, ila mkia unakuwa mwepesi kuteleza.

Wengi hudhani tairi pana linagusa ardhi eneo kubwa zaidi. Upepo na mzigo vikiwa vilevile, eneo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake: linakuwa pana na fupi, na umbo hilo huitikia usukani haraka zaidi kwenye lami kavu.

Kila gari na kikosi chake

Kuanzia 2017 hadi 2025, magari ya Formula 1 yalivaa tairi la milimita 305 mbele na 405 nyuma. Msimu wa 2026 yamepunguzwa hadi 280 na 375, lakini nyuma bado ni pana. Sababu ni kwamba nguvu yote ya injini inakwenda nyuma, na dereva akikanyaga mafuta, uzito nao unahamia huko.

Audi RS3 imegeuza kibao. Injini yake nzito imekaa mbele, hivyo huuzwa ikiwa na matairi ya 265 mbele na 245 nyuma ili pua isigome kwenye kona.

Magari ya Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, Kenya, yanavaa manne yanayolingana kwa sababu yanavuta kwa magurudumu yote. Kwenye vumbi na mawe yanatumia upana wa 205. Kwenye lami, mashindano mengine, yanapanda hadi 235. Penye tope jepesi juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope na kushika chini, wakati pana huelea juu yake.

Funzo kwa Lupiro

Subaru inayovuta magurudumu yote haitaki mchezo wa kufunga tairi kubwa nyuma na dogo mbele. Yakitofautiana mzunguko, difu ya kati inafanya kazi hata gari likienda moja kwa moja. Inachemka, mwisho inakufa, na bei yake haifanani na bei ya tairi.

Bodaboda nyingi zinatoka kiwandani na 2.75 mbele na 3.00 nyuma, yaani inchi. Nyuma kuna abiria na gunia, mbele kuna usukani. Anayefunga nene kupita kiasi nyuma na kuacha la mbele lililokwisha kashata anajiwekea mabeki wanne na kumsahau kipa: pikipiki inasukuma vizuri, ila kwenye kona yenye utelezi tairi la mbele ndilo linaloondoka, na pikipiki ikikosa la mbele haikupi nafasi ya pili.

Kabla ya kununua, soma ubavuni mwa tairi. 205/55R16 maana yake upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Linganisha na kibandiko cha kiwandani kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kinachokula kona ni uwiano wa mbele na nyuma. Upana peke yake ni sawa na kusajili straika wa bei mbaya bila kiungo wa kumlisha.