Nilifaulu Kiswahili na Kiingereza, Kisomali cha nyanya kikanishinda

SIKU hiyo ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa mama, alinikabidhi simu yake akasema: "Nisomee."

Abti, mjomba anayeishi Minneapolis kule Marekani, alikuwa ametuma ujumbe akiwa kazini zamu ya usiku, kwa hivyo hakuweza kupiga simu wala kurekodi sauti. Nikaona hiyo ni kazi ya dakika moja. Nimemaliza Kidato cha Nne, Kiswahili na Kiingereza nilipita vizuri, na Kisomali nakizungumza tangu nilipofungua kinywa.

Neno la pili tu nikakwama. Lilikuwa limeandikwa "caafimaadka". Nikalitamka "kaafimaadka". Ayeeyo akanitazama. "Hicho ni Kiingereza?"

Neno lenyewe ni afya, na kila siku nalitamka bila shida. Ila sikuwahi kuliona limeandikwa. Nikaendelea kubahatisha. Niliona "isbitaal", nikaona "$200", nikaona siku ya Ijumaa, nikamwambia ayeeyo kwamba Ijumaa abti atatuma pesa za hospitali. Akashukuru Mungu. Lakini bado alikuwa na wasiwasi, akanituma nimwite mama jirani.

Mama huyu alikimbia vita Somalia mwaka wa 1991, akapitia kambi za Dadaab kabla ya kuhamia mjini Garissa. Sekondari hakuwahi kuingia. Aliushika ujumbe akausoma wote bila kusita, kama mtangazaji wa redio. Kumbe abti alikuwa anauliza: zile $200 alizotuma zilifika, na je, ayeeyo alienda hospitali Ijumaa iliyopita? Hakuwa ameenda. Pesa zilikuwa zimekaa kwenye simu ya binamu yangu wiki nzima, kila mtu akidhani mwingine amempa habari.

Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimuuliza jirani alisomea wapi. Akacheka. Alisema alifundishwa na vijana wa rika langu. Kisomali kilipewa rasmi maandishi ya herufi za Kilatini mnamo Oktoba 1972. Mwaka wa 1974 serikali ya Somalia ilifunga shule za juu, ikawatuma maelfu ya wanafunzi na walimu mashambani na malishoni wakawafundishe wafugaji kusoma na kuandika. Yeye alikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi. Miaka hamsini baadaye, masomo yale ya chini ya mti ndiyo yaliyomwokoa ayeeyo, si cheti changu.

Hebu fikiria siku ya kijana wa Garissa. Alfajiri yuko dugsi, yaani madrasa, anasoma Kurani kwa Kiarabu. Saa mbili yuko darasani, masomo ni kwa Kiingereza. Akipanda bodaboda au akikutana na mtu wa kutoka bara, ni Kiswahili. Jioni nyumbani ni Kisomali. Lugha nne kabla ya kulala! Halafu mtu anamcheka kwa sababu amesema "bapai" badala ya papai.

Si ujinga. Kisomali hakina sauti ya "p" wala "v". Ndiyo maana polisi huitwa "booliis" na posta "boosto". Tena nomino za Kisomali zina jinsia mbili tu, ya kiume na ya kike. Sasa mtoto wa namna hiyo umwingize kwenye ngeli za A-WA, KI-VI, LI-YA na U-I, uone jasho litakavyomtoka. Lakini pia kuna daraja: sabuni ni "saabuun", duka ni "dukaan", wakati ni "waqti". Kiarabu kilizilisha lugha zote mbili.

Kiswahili kwetu kimepitia majaribu yake. Walimu watatu walipouawa na magaidi huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki. Kwa sisi wanafunzi, waliondoka watu tuliokuwa tukipiga nao stori kwa Kiswahili uwanjani. Kiswahili kikabaki kwenye vitabu. Wengi wetu tulikazana, tukijua kwamba ukishavuka daraja la Tana kwenda Nairobi, bila Kiswahili utapata tabu. Sijutii hata dakika moja niliyotumia kukisoma.

Ninachojutia ni kuamini kwamba lugha ya nyumbani haihitaji kusomwa, ati itajitunza yenyewe.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza na kulinda lugha za Wakenya wote. Mtaala wa Umilisi nao unataka watoto wa madarasa ya chini, hadi Gredi ya Tatu, wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kwenye karatasi mambo ni poa. Lakini tuulize: lugha ya eneo ni ya nani? Kando ya Mto Tana wako Wamunyoyaya, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Upande wa Ijara, karibu na msitu wa Boni, wako Waaweer, ambao lugha yao ina wasemaji wachache mno. Kwa mtoto wa Kiaweer, Kisomali cha shuleni ni lugha nyingine ya kujifunza. Sisi Wasomali tunaolalamika kwamba lugha yetu imesahauliwa, tusiwe wa kwanza kumcheka huyo anapoongea ya kwao.

Habari njema ni kwamba kusoma Kisomali si mlima. Herufi ni zilezile unazozijua. Jirani alinifundisha siri yake jioni moja tu: "x" ni ile "ح" ya Kiarabu, na "c" ni "ع". Yaani Xasan ni Hassan, na Cali ni Ali. Kwenye vitambulisho vyetu majina haya huandikwa kwa mtindo wa Kiingereza, ndiyo maana wengi hatutambui majina yetu wenyewe tukiyaona kwa Kisomali. Irabu ikiandikwa mara mbili, vuta sauti. Kama ulipita dugsi, sauti zote hizo unazo tayari.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sheria. Nikitaka kumtumia binamu ujumbe wa sauti, kwanza najaribu kuuandika. Nasoma habari za Kisomali mtandaoni, hata kama ni aya mbili. Na methali za ayeeyo naziandika kwenye daftari, kwa sababu akiondoka ataondoka nazo.

Hospitali alienda, nikimsindikiza. Wiki iliyofuata abti aliandika tena. Nilisoma polepole, kidole kwenye skrini, neno kwa neno. Ayeeyo alinirekebisha mara tatu.

Jirani hatukumwita.