Jiwe Lililolala Uani mwa Kanisa

Somo: Yeremia 18:1-6

Leo twataka kuwaeleza habari za jiwe moja lililoharibiwa na mafundi, likaachwa.

Katika mji wa Florence, nchi ya Italia, wazee waliosimamia ujenzi wa kanisa kuu walitaka sanamu za manabii za kupamba kuta zake upande wa juu. Mwaka 1464 walimpa kazi fundi mmoja, Agostino di Duccio. Jiwe refu la marumaru likaletwa kutoka machimbo ya Carrara. Fundi akaanza kuchonga, lakini kabla ya kufika mbali kazi ikasimama. Mwaka 1476 akaitwa mwingine, Antonio Rossellino, naye hakuimaliza. Basi jiwe likabaki uani, likipigwa na jua na kunyeshewa mvua. Halikuwa tena jiwe zima, wala halikuwa sanamu.

Angalieni, ndugu: jiwe hilo halikutupwa porini. Lilikuwa mali ya kanisa, na lililala katika ua wa kanisa. Hata katika daftari la wazee la mwaka 1501 liliandikwa kwamba limeanzwa vibaya, nalo limelala chali.

Mwaka huo huo wazee waliamua lisimamishwe, lipate kutazamwa tena. Mwezi wa Agosti wakampa kazi kijana wa miaka 26, jina lake Michelangelo. Likazungushiwa ukuta, na pale pale lilipokuwa limeachwa pakawa karakana yake. Hakungoja jiwe jipya. Alipima yaliyobaki, akachonga kwa kufuata yaliyobaki. Mwaka 1504 alimaliza sanamu ya Daudi, yenye urefu wa mita 5 na zaidi. Condivi, aliyeandika maisha yake mwaka 1553, aeleza kwamba utosini bado paonekana uso wa zamani wa jiwe lile.

Sisi hatusujudii sanamu, na hatusimulii haya ili mtu aitukuze kazi ya mikono. Twataka tumfikirie fundi. Yeremia alipotumwa nyumbani kwa mfinyanzi aliona jambo kama hilo: chombo kiliharibika mkononi, na udongo ule ule ukafinyangwa tena.

Lakini marumaru yatufundisha neno moja zaidi. Udongo hulainika ukasahau umbo la kwanza. Marumaru iliyokatwa hairudi. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Miaka iliyoliwa na pombe hairudi. Maneno tuliyowaumiza nayo watoto wetu hayarudi. Mungu hasemi kwamba hayakutokea. Ayachukua maisha yaliyobaki, na kovu lake, ayafanyie kazi.

Kumbukeni Yohana Marko. Aliwaacha wenzake safarini, na Paulo akakataa kabisa kwenda naye tena. Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, akaagiza Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika utumishi. Je, kama Barnaba hangalikuwako?

Ndugu, katika kila ushirika kuna daftari. Ndani yake mna jina la kijana aliyeondolewa katika kwaya, la binti aliyepata mimba akaona haya kurudi, la mzee aliyeanguka akawekwa chini ya nidhamu. Majina hayajafutwa, lakini wenyewe wamelala chali uani mwa kanisa, nasi twawapita kila Jumapili tukienda ibadani. Nidhamu yafaa, lakini ikiisha, ni nani aendaye kumsimamisha mtu?

Juma hili na tulifungue daftari letu, tuchague jina moja, tuende hadi mlangoni pake. Tusiende kuuliza alianguka namna gani. Twende tumwambie kwamba Fundi bado amtaka.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetuokota sisi tulioharibika, utupe macho ya kuwaona wale tuliowaacha, na miguu ya kuwaendea. Kwa jina la Yesu. Amina.