"Tidur": Neno Lililovuka Bahari

Usiku uingiapo, wazazi wa Indonesia huwaaga watoto wao kwa maneno mawili: "Selamat tidur." Neno la kwanza halitatupotea. Ni "salama" yetu hii hii, iliyofika kule kama ilivyofika huku, kutoka katika Kiarabu. Lakini "tidur", yaani kulala, halikuazimwa kwa mtu. Ni mali ya ukoo, tena ya kale.

Wataalamu waliolinganisha lugha za ukoo huo wanaeleza kuwa chimbuko lake ni kisiwa cha Taiwan. Yapata miaka 4,000 iliyopita, wasemaji wake walivuka bahari hadi Ufilipino, kisha wakaenea visiwa vya kusini. Kila walikotua, matamshi yalibadilika. Wajava husema "turu", Watagalog wa Ufilipino husema "tulog". Mabadiliko hayo yana kanuni. Mshipa kwa Kiindonesia ni "urat", kwa Kitagalog ni "ugat". "R" ya huku ni "g" ya kule, kama ilivyo katika "tidur" na "tulog".

Ndugu mwingine wa neno hili ni jirani yetu. Wamalagasi wa Bukini husema "matory", nao hulitamka "maturi". Mwaka 1951, mtaalamu wa Norway, Otto Christian Dahl, alichapisha kitabu kilichoonyesha undugu wa karibu kati ya Kimalagasi na Kimaanyan, lugha ya kisiwa cha Borneo. Wahamiaji hao walikutana na wasemaji wa lugha za Kibantu, wakachukua kwao majina ya wanyama wa nyumbani: "omby" ni ng'ombe, "amboa" ni mbwa, "akoho" ni kuku. Majina ya mifugo waliyapata kwa majirani. Neno la kulala walikuja nalo kutoka kwao.

Ndugu msomaji, kwa karne nyingi neno hilo halikuwa na kitabu cha kulihifadhi. Lilihifadhiwa na vinywa vya wazazi, usiku baada ya usiku. Kizazi kimoja kingalinyamaza, lingalipotea.

Nasi wa mijini tujiulize. Kiswahili kimetuunganisha, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mtoto wetu aendapo likizo kijijini, bibi yake akamwambia kwa lugha ya ukoo kwamba wakati wa kulala umefika, je, ataelewa?