Gemu ya Zamani Kwenye TV ya Kisasa: Niliyojifunza Likizoni Iguguno



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Iguguno, wilayani Mkalama. Jumapili moja baada ya Misa dada yangu aliniita pembeni akaniambia, "Frateri, hebu zungumza na mpwa wako. Sadaka ninayompa haifiki kanisani."

Mpwa wangu ana miaka 11. Nilipomuuliza hakukataa. Ile shilingi 500 ilikuwa inaishia kwenye kibanda cha gemu kando ya lami. Nikamuuliza kwa nini. Akaingia ndani, akarudi na PSP aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kioo kilikuwa kimepasuka, nusu yake nyeusi kabisa. "Mjomba, hii ya baba imekufa. Lakini ukiiwasha inalia. Kwa nini isionekane kwenye TV?" TV aliyoisema ni ile bapa ambayo mama yake aliinunua baada ya kuuza alizeti.

Swali lake lilinichukua wiki tatu na kununua kifaa kisichofaa. Tangu hapo watu kadhaa parokiani wameniuliza jambo hilohilo, wengine kuhusu gemu, wengine kuhusu deki au kamera ya zamani ya video. Kanuni ni ileile, ndiyo maana naandika.

Vifaa viwili, lugha mbili

Wengi wetu tumekulia kwenye TV za chogo. Zilikuwa na matundu matatu ya rangi: njano kwa picha, nyeupe kwa sauti ya kushoto, nyekundu kwa sauti ya kulia. Katika waya wa njano picha husafiri kama umeme unaopanda na kushuka mfululizo, mwanga na rangi vikiwa pamoja katika waya mmoja. Huo ni mfumo wa analojia, na ndio tunaouita AV.

TV za sasa hutegemea zaidi tundu la HDMI. Humo picha husafiri kama tarakimu, yaani kwa mfumo wa dijitali. Kwa hiyo tatizo si kwamba gemu ni kuukuu au TV ni mpya mno. Ni kama Mnyiramba wa kijijini na mgeni kutoka Ulaya waliokaa meza moja bila mkalimani. Wote wanasema, hakuna anayeelewa.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Madukani kuna waya mtupu wenye plagi tatu za rangi upande mmoja na HDMI upande mwingine. Kwa kazi hii waya huo haufai, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kinachotafsiri. Unahitaji kigeuzi, ambacho wauzaji hukiita konveta. Ni kisanduku kidogo chenye sakiti ndani, nacho huhitaji umeme wake.

Je, kifaa chako kinaweza kutoa picha?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa PSP, tafuta nambari ya modeli iliyoandikwa kwa maandishi madogo kwenye kifaa chenyewe.

PSP-1000, ile nene ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 2004, haina njia ya kutoa picha kwenda TV. PSP-2000 ya mwaka 2007 inayo, lakini ina masharti: kwa waya wa AV wa plagi tatu itaonyesha menyu, picha na video tu. Gemu zake zinahitaji waya wa plagi tano, yaani kijani, bluu na nyekundu kwa picha, pamoja na nyeupe na nyekundu nyingine kwa sauti. PSP-3000 ya mwaka 2008 inakubali gemu kwa waya wowote kati ya hizo mbili. PSP Go ya mwaka 2009 ina waya wake wa pekee. Modeli ya E1000 ya mwaka 2011, iliyouzwa kwa bei nafuu, haina kabisa.

Nintendo Game Boy, DS na 3DS hazina tundu la kutoa picha. PS Vita vilevile haina. Usikubali kuuziwa waya kwa ajili ya hizo. Kwa upande mwingine, vile vigemu vya bei rahisi vilivyoandikwa SUP, vyenye gemu 400 ndani, kwa kawaida huwa na tundu la AV.

Ya marehemu shemeji yangu ilikuwa PSP-3000. Tukamshukuru Mungu.

Tazama nyuma ya TV

Usikimbilie kununua kigeuzi kabla ya kugeuza TV na kuitazama vizuri. TV nyingi bapa bado zina matundu ya rangi. Ukiyaona, waya wa AV wa PSP unatosha. Wakati mwingine tundu la njano halipo, bali kuna la kijani lenye duara la njano au lililoandikwa AV. Chomeka plagi ya njano humo.

Nyingine zina kitundu kidogo kama cha spika za masikioni, kimeandikwa AV. Hicho kinahitaji waya mfupi wa kuunganishia, na mara nyingi huuzwa pamoja na TV ukiwa umesahaulika ndani ya boksi. Waya hizi hazikutengenezwa kwa mpangilio mmoja. Picha ikikataa, jaribu kubadilishana plagi za njano na nyekundu. Zikikataa zote, tafuta waya mwingine.

Ukikuta HDMI na USB tu, kama ilivyokuwa kwa TV ya dada, ndipo unahitaji kigeuzi.

Kosa langu

Nilipanda gari hadi Singida mjini, nikaingia duka moja, nikasema, "Naomba cha kuunganisha AV na HDMI." Nikapewa kisanduku cheusi chenye matundu matatu ya rangi upande mmoja na HDMI upande wa pili. Nikalipa shilingi 15,000. Jioni watoto wa jirani walijaa sebuleni. Tukaunganisha, tukawasha, TV ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Nikalaumu PSP, nikalaumu TV, nikakaribia kumwambia mtoto kwamba ya baba yake imekufa kweli.

Kesho yake asubuhi ndipo nikasoma maandishi juu ya kisanduku: HDMI2AV. Nilichohitaji ni AV2HDMI. Ile 2 katikati maana yake ni "kwenda". Cha kwanza hutoa dijitali na kuipeleka kwenye TV ya chogo. Cha pili hutoa analojia na kuipeleka kwenye TV mpya. Kwa umbo vinafanana kama mapacha. Sikumlaumu muuzaji, kwani mimi ndiye sikusoma.

Hatua kwa hatua

1. Zima vyote. Kagua betri ya PSP. Ikiwa imevimba, itoe na usiitumie tena. PSP inaweza kuwaka kwa chaja yake bila betri.

2. Chomeka waya wa AV kwenye tundu la chini la PSP, kisha plagi tatu kwenye kigeuzi, kila moja kwa rangi yake.

3. Unganisha kigeuzi na TV kwa waya wa HDMI. Kipe umeme kwa waya wake wa USB. Kinatumia volti 5, hivyo tundu la USB la TV au chaja ya simu hutosha.

4. Washa TV, bonyeza Source au Input kwenye rimoti, chagua HDMI uliyochomeka.

5. Washa PSP, kisha shikilia kwa sekunde 5 au zaidi kitufe cha kubadili mwanga wa kioo, kile chenye alama ya kiboksi. Picha itahamia kwenye TV. Hatua hii haihitaji kuona kioo cha PSP, na ndiyo iliyotuokoa.

6. Picha ikikatikakatika, sogeza swichi ndogo ya kigeuzi kutoka 1080 kwenda 720.

Kwa PSP-2000, kumbuka kwamba kigeuzi cha plagi tatu hakitaonyesha gemu. Tafuta kile cha plagi tano.

Usitarajie muujiza

Kioo cha PSP kina nukta 480 kwa 272, jumla 130,560. TV ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, karibu mara 16. Hivyo picha itaonekana na ukungu kidogo, na gemu itakaa katikati ikiwa na ukanda mweusi pande zote. Kitufe cha kukuza picha kwenye rimoti husaidia kiasi.

Pia utaona kuchelewa. Unabonyeza, mchezaji anaruka baadaye kidogo, kwa sababu kigeuzi na TV vyote huchukua muda kuandaa picha. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV uchague Game, kuchelewa kutapungua.

Darasani tunafundishwa kanuni aliyoitumia sana Mtakatifu Tomaso wa Akwino: kitu hupokelewa kwa kadiri ya hali ya yule anayekipokea. Sikuwahi kuielewa vizuri kama nilivyoielewa siku ile nimepiga magoti nyuma ya TV. PSP ilikuwa inatoa picha muda wote, ila hakuna aliyeweza kuipokea. Nami nimewahi kutoa mafundisho kwa watoto wa Utoto Mtakatifu kwa maneno ya kitabuni, kisha nikalalamika kwamba hawasikilizi.

Nilirudi Singida mjini, nikanunua kisanduku sahihi. Safari hii sikuita mtu. Tulikuwa wawili tu na mpwa wangu. Alishikilia kitufe akihesabu kwa sauti, moja hadi tano, na menyu ikatokea. Hakuanza kucheza. Alikimbia uani mama yake alikokuwa akichambua vitunguu. "Mama, njoo! Gemu ya baba imefufuka!"

Sitawadanganya kwamba waya umemaliza kila kitu. Kibandani kuna marafiki na mpira wa wawili wawili, na bado hupita huko siku za Jumamosi. Ila Jumapili iliyofuata, wakati wa sadaka, aligeuka akanionyesha shilingi 500 mkononi kabla ya kuingia kwenye foleni.

Mwandishi ni frateri, mwanafunzi wa Falsafa.